Kupima Kiuno cha Mtu Aliyevuta Tumbo

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mnaonijua mtacheka, na mna haki. Lakini mtu ambaye ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, imefungwa na pasipoti yake imegongwa mhuri wa kuondoka moja kwa moja, ule tunaouita huruji nihai, sijui ajiite nani mwingine. Kandarasi imeisha, nyingine sikuomba, na wiki ijayo nitakuwa nyumbani Voi. Kabla sijaondoka nimeona niwaandikie ninyi mnaobaki na tepi na mashine za presha. Hakuna aliyeniomba. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika na kuufuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, kwa hiyo tafadhali usomeni hadi mwisho.

Kwa asiyeijua, kazi yetu ni hii. Kampuni za Kichina zinajenga Riyadh, na Jeddah kuna familia za Kichina zenye maduka ya jumla. Kati ya watu wazima wote hao, wapo walio na sukari na hawajijui. Hawaumwi popote. Wanafanya kazi, wanakula, wanataniana. Kwa kuwa huwezi kuingia kambini ukaanza kumchoma kila mtu kidole, unaanza na mambo yasiyouma: umri, mwanamume au mwanamke, uzito na urefu, presha, kiuno, na kama yupo mtu wa ukoo aliyeambiwa na daktari kwamba ana sukari. Kila jibu lina alama zake. Unajumlisha, na anayefika kwenye mstari ndiye anayepimwa damu. Alama hizo zilipangwa kwa ajili ya Wachina wenyewe, kwa sababu Mchina anaweza kupata sukari akiwa na kiuno ambacho chati ya ukutani ya watu wengine ingempongeza nacho. Mtu akiwaambia, "Huyu mwembamba, mruke," msimruke.

Mimi si nesi wala daktari. Kichina nilikiokota nyumbani, kwenye kambi ya ujenzi wa reli, nilipokuwa natunza stoo. Kila fundi aliyekuja kuchukua kitu nilimwuliza kinaitwaje kwao. Walilifupisha jina langu, Mwakio, likawa Mu, na kwa kuwa nilikuwa kijana nikawa Mu Mdogo. Jina hilo limenifuata hadi huku. Mengine nilijifundisha kwa simu, nikirudia sauti moja mpaka niliokuwa nikilala nao chumba kimoja wakaniomba nihame. Ndivyo nilivyo. Nikijifunza kitu nusu, mwili unaniwasha.

Jeddah nilikuja kama dereva. Siku yangu ya kwanza nilimpeleka nesi mmoja kwenye duka la mabegi karibu na mtaa wa Sharafiya, akawapime wenye duka. Nesi huyo ni Bi Zuwena, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alizaliwa Jeddah, lakini wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi, na Kiswahili cha nyumbani kwao hakikuwahi kuhama. Mimi nilisimama mlangoni na funguo za gari. Yeye alikuwa anamhoji mama mwenye duka kwa kutumia simu inayotafsiri. Mama yule akashtuka, akamtazama mumewe. Mimi nikacheka.

"Dereva," akasema Bi Zuwena bila kugeuka, "weye unacheka nini?"

"Samahani, Bi Zuwena. Simu yako imemwuliza kama baba yake alikuwa mtamu."

Akageuka. "Na weye umejuaje?"

"Nakijua Kichina kidogo."

"Kidogo cha kuombea maji, au kidogo cha kumwuliza mtu mzee wake alikufa na nini?"

"Cha katikati."

"Njoo ndani. Gari haitakimbia."

Udereva wangu ulikwisha hapo, ingawa kwenye karatasi za kafili, mdhamini wangu, niliendelea kuwa dereva muda mrefu sana. Alinifundisha kila kitu kwa mikono yake. Kiuno hakipimwi pale mkanda wa suruali unapokaa. Kinatafutwa kwa vidole: ubavu wa mwisho uko wapi, mfupa wa nyonga unaanzia wapi, na tepi inapita katikati yake, sambamba na sakafu, mtu akimaliza kutoa pumzi ya kawaida. Wanawake aliwapima mwenyewe nyuma ya pazia, mimi nikauliza maswali kutoka upande wa pili. Wanaume niliwapima mimi. Unapima mara mbili. Mimi nilipima mara mbili, kisha tena, kisha nikahofia kwamba ile ya mwisho ilipinda mgongoni.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, wateja wakiwa wamejipanga, "unampima huyu au unamvisha sanda?"

Nilimwambia naogopa kukosea.

"Utakosea. Kosea kidogo kidogo, twende."

Sikuwahi kuuzoea ushauri huo, ila niliuweka.

Nilipohamishiwa Riyadh niligundua kwamba tepi ya kitambaa hurefuka. Mnaipenda kwa sababu ni laini, na mnaivuta kutwa nzima, mpaka inaanza kuwapunguzia watu viuno bila ya wao kujitaabisha. Nilikwenda Dirah, sokoni, kwa fundi cherehani mmoja, nikamwomba aniazime rula yake ya chuma nilinganishe. Akaniuliza nashona nini. Nikamwambia nashona Wachina. Tepi yangu ilikuwa imeshaongezeka nusu ya kidole. Tangu siku hiyo nina rula yangu ya chuma, na kila asubuhi kabla ya kazi nailaza tepi juu yake. Wenzangu wakaniona nimerukwa na akili. Baadaye wakaanza kuja kuiazima.

Kambi ya Riyadh ilikuwa nje ya mji upande wa kaskazini, vyumba vya mabati vilivyopangwa safu, na ukumbi mkubwa wa chakula katikati. Wiki ya kwanza nilipata matokeo mazuri mno. Kila mtu kiuno chembamba, hata mpishi. Nikayatazama majibu yale na sikuyaamini, kwa sababu macho yangu yaliona mikanda imefungwa chini ya matumbo. Walikuwa wanavuta tumbo ndani. Wanaume hawa walikuwa wamepimwa afya kabla ya kusafiri, na aliyeshindwa hakupanda ndege. Kwao kila mtu mwenye tepi ni mtihani. Niliwaambia wapumue kawaida. Wakapumua kawaida kwa uso tu.

Nikampigia Bi Zuwena simu Jeddah.

"Waulize mama zao walikuwa wakiwapikia nini," akasema. "Mtu hawezi kukueleza chakula cha mama yake huku kabana pumzi."

Nilijaribu kwa mtu wa kwanza asubuhi iliyofuata. Aliniambia tambi. Nikamwuliza tambi za namna gani. Akaanza na mchuzi wa mifupa, akafika kwenye pilipili, na mikono yangu ikalihisi tumbo lake linarudi mahali pake polepole, kama mgeni aliyeruhusiwa kukaa. Mpaka leo najua mapishi ya mikoa ambayo sitafika maishani. Fanyeni hivyo. Na msipoteze muda kuwauliza kama wanasikia kiu mara kwa mara, kama mabango ya sukari yanavyotaka. Kila mmoja wao anatembea na chupa yake ya maji ya moto tangu utotoni, tena anajenga ghorofa kwenye joto la Riyadh. Hapo hata ngamia angejibu ndiyo.

Sasa nifike kwa Fundi Tang, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Tang alikuwa mwendesha kreni, mtu wa miaka hamsini na kitu, miguu kama ya korongo na tumbo dogo gumu mbele. Wachina huweka neno Fundi kwenye jina la mtu aliyebobea, kwa heshima, na hakuna aliyelitaja jina la Tang bila Fundi. Meza ya kreni, walipokaa waendesha kreni na wasaidizi wao pale ukumbini, ilikuwa yake: mtu hagusi chakula mpaka yeye ameinua vijiti vyake vya kulia. Aliyekaa upande wake wa kulia ni Bwana Guo, mwenye kazi ya kusimama chini na redio na kibendera, akimwongoza Tang pa kuushusha mzigo. Walitoka wilaya moja, na walitukanana siku nzima kwa furaha.

Alama za Tang zilivuka mstari. Presha ilikuwa juu, kiuno kilikuwa zaidi ya kinachotakiwa, umri nao ukasukuma. Kuhusu ukoo alijibu hapana, kisha akaongeza kwamba baba yake alikufa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, lakini hakuna daktari aliyesema lolote kwa sababu hapakuwa na daktari. Huyo alitakiwa kuchomwa kidole kesho yake.

Hapa nilifanya jambo ambalo Mkenya yeyote angelifanya bila kuwaza. Kwetu kliniki inaita majina, mtu anainuka na kwenda. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora wa Kichina majina ya wote waliovuka mstari, nikaibandika karatasi kwenye mlango wa ukumbi wa chakula. Nilikuwa nimerudia kuiandika mpaka kila herufi ikakaa sawa. Niliiona nzuri.

Asubuhi hakuja mtu. Nilikaa na sindano zangu na mashine yangu ya sukari mpaka chakula cha mchana, kisha Guo akaingia peke yake, mikono nyuma.

"Mu Mdogo," akasema, "umeandika vizuri sana. Kama jiwe la kaburi."

"Ni majina ya wanaohitaji kipimo tu."

"Wanasema ni majina ya wanaorudishwa nyumbani."

"Nani anasema?"

"Mlango," akasema Guo. "Umemtaja Fundi Tang mbele ya wapishi."

Niliibandua karatasi ile. Mtu aliyetengwa na wenzake hadharani, kwao, ameshavuliwa kitu, hata kama umemtenga kwa wema. Nikaenda kumwomba Tang radhi chini ya kreni. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema hatachomwa, leo wala kesho. Akipatikana na sukari atashushwa kwenye kreni, na akishushwa hana kazi nyingine hapa, atapandishwa ndege. "Pale juu," akaniambia akionyesha kibanda chake, "ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo najua kila kitu kilipo." Na kwa kuwa yeye hachomwi, meza nzima ya kreni ilikataa kuchomwa. Hawangeweza kumtangulia Fundi kwenye sindano kama ambavyo hawangeweza kumtangulia kwenye wali.

Daktari wa kambi alikubali tubadilishe utaratibu: tupime meza kwa meza, wote, waliovuka mstari na wasiovuka, na kila mtu apewe jibu lake peke yake. Meza nyingine zikaja moja moja. Meza ya Tang ilibaki inakula.

Ningekuwa mtu mtulivu ningengoja. Sikuwa. Nilikuwa namtazama Tang kila alipopanda ngazi za kreni, nikimhesabia makosa ambayo hakuyafanya.

Bi Zuwena alikuja Riyadh siku chache baadaye na timu ya Jeddah, kwa kazi zake nyingine. Nilimweleza yote tukielekea ukumbini. Akaniuliza tu meza ya kreni ni ipi, akaenda akasimama kando yake na sahani yake mkononi. Guo akainuka akampa kiti. Kwa umri na kwa nywele zake nyeupe chini ya mtandio, hakuna ambaye angemwacha asimame.

Akakaa mkabala na Tang. Akafungua mkoba, akatoa mashine yake mwenyewe ya sukari, ndogo, ya zamani, akajichoma kidole pale pale mezani kama mtu anayefungua kitufe. Akasubiri. Akaangalia namba, akatoa sauti ya kuudhika, akachukua kijiko na kuurudisha nusu ya wali wake kwenye bakuli la katikati.

Meza yote ilikuwa imeacha kula.

"Ana sukari?" Tang akaniuliza.

Nikamtafsiria Bi Zuwena.

"Mwambie mimi na sukari tumekaa nyumba moja muda mrefu kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu," akasema. "Na mume ndiye aliyekuwa mkorofi zaidi."

Guo akacheka kwanza. Tang hakucheka. "Mwulize kama bado anafanya kazi."

"Nafanya. Na za watu wengine nafanya."

"Mwulize kama anapanda juu."

"Nakaa ghorofa ya tano Jeddah na lifti imekufa. Mwambie ajaribu yeye na mikoba ya sokoni."

Tang akazungusha vijiti vyake vya kulia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, akinitazama mimi na si yeye, na nikajua kwamba ndilo swali lililokuwa chini ya mengine yote.

"Mwulize macho. Yalimfanya nini macho."

Bi Zuwena akaweka kijiko chini. "Mwambie kabla sijajua, nilikuwa naona taa za barabarani zina manyoya. Nilipotulia na dawa, manyoya yakaondoka. Yeye anaona nini?"

Tang akasema jioni kibendera cha Guo hakionekani vizuri. Kinakuwa doa. Anasikiliza redio tu na kukisia.

Guo, ambaye kila siku husimama pale mzigo unaposhukia, aliweka bakuli lake mezani taratibu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya mwaka mpya."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Nilidhani unanichukia," akasema Guo. "Zile nondo za juzi zilinipita hapa." Akagusa bega.

Hakuna aliyejua kama acheke. Tang alimtazama rafiki yake, halafu akalaza mkono wake mezani, kiganja juu, mbele ya Bi Zuwena. Si mbele yangu. Yeye akausukuma kwangu.

"Huyu ndiye mwenye kambi," akasema. "Mpe kijana kazi yake."

Nikafungua sindano mpya. Nilimchoma pembeni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana, na sikurudia. Namba ilikuwa kubwa, ya kumpeleka mtu kwa daktari mara moja. Nilitaka kumvuta kando nimwambie, lakini alikuwa ameshainama kuisoma mwenyewe, na baada yake Guo akakunja mkono wa shati.

Daktari alirudia kipimo kwa damu ya mshipa na jibu likawa lile lile. Siku ile ile Tang akashushwa kwenye kreni. Nilikwenda naye ofisini kutafsiri, na sijawahi kuogopa maneno ya mtu mwingine kama nilivyoyaogopa ya meneja. Meneja alizungumzia ndege. Daktari akasema hili ni jambo la dawa, chakula na kusubiri, na kwamba mwendesha kreni ambaye hali yake inajulikana ni salama kuliko watatu wasiojulikana. Meneja akauliza nani atamsimamia huyo asiyejulikana atakayeshika kreni wakati wa kusubiri. Tang akasema, "Mimi." Wakakubaliana abaki chini, karibu na Guo, akimwelekeza mwenzake aliyechukua kibanda.

Alikuwa na kisirani kwa majuma mengi. Alimeza dawa, akapunguza wali, akatembea kuzunguka uzio wa kambi akilaani kila kitu. Alinilaani mimi pia, kwa jina kamili. Nilimpima asubuhi na kumwandikia namba, na namba zikaanza kushuka. Siku moja aliniita uani, akanyoosha kidole upande wa mnara wa maji na kunisomea maandishi yaliyo juu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyaona.

Daktari wa macho alipomruhusu, akarudi juu. Nilikuwa nimekwenda kutazama, nikasimama mbali, karibu na msimamizi mmoja mwenye redio, kwa sababu sina kofia ya saiti. Alipanda polepole, akafunga mlango wa kibanda, akainua mzigo wa kwanza, akaushusha mbele ya Guo kama mtu anayeweka kikombe cha chai. Kisha, badala ya kuendelea na kazi, akaongea kwenye redio inayosikika kwa kreni zote na wasimamizi wote.

"Mimi Tang, kreni ya kaskazini," akasema. "Nina sukari. Nilishushwa na nimerudi. Mu Mdogo yuko ukumbini mchana na sindano yake. Inauma kidogo kuliko mbu. Asiyekwenda leo nitampitishia nondo kichwani."

Meneja alilalamika baadaye kwamba redio si ya mambo binafsi, na kwa kanuni alikuwa sahihi.

Niliwahi ukumbini. Nilikuwa nimefungua vipande vya kupimia damu vya meza mbili, kama kawaida, na akiba juu yake, kwa sababu sijawahi kutoka bila akiba. Wakaja waendesha kreni wote. Wakaja wasuka vyuma, wapaka rangi na wale wapishi walioona karatasi yangu mlangoni. Akaja msimamizi aliyekuwa ananikwepa tangu nifike, akajipanga nyuma ya watu wake na kujifanya anasoma simu. Wengine walikuwa na alama za chini kabisa, hawakutakiwa hata kidogo, nikawachoma hivyo hivyo. Vipande vikaisha na mstari bado ulikuwa umetoka nje ya mlango. Nikasimama pale nikiwaambia warudi kesho, mikono yangu mitupu, na sikurudi ndani kuhesabu upya nilikosea wapi.